Maji ya Mlima Hayakai Kileleni

Kila picha mpya ya kilele cha Kilimanjaro inapoonyesha barafu imepungua tena, mazungumzo huishia palepale: barafu ikiisha, mito itakauka. Hofu hiyo haijatoka hewani. Barafu inapungua kweli, na kwa kasi. Mwaka 1912 ilifunika takriban kilomita za mraba 12, na kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Kinachokosewa ni mahali pa kutazama. Macho yote yako kileleni, ilhali maji tunayoyahofia yako chini zaidi, gizani, ndani ya udongo.

Tupige hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1000, yaani lita milioni moja. Msitu wa upande wa kusini wa Kilimanjaro, katika sehemu zake zenye mvua nyingi, hupata zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka. Kwa hiyo kila kilomita ya mraba ya hapo hupokea zaidi ya mita za ujazo milioni 2. Sasa chukua barafu yote ya kileleni. Hata ingepungua unene wa mita nzima kwa mwaka mmoja, na kila tone likateremka mpaka mtoni, isingefikia maji yanayopokelewa na kilomita moja tu ya mraba ya msitu ule. Tena sehemu kubwa ya barafu hiyo haifiki hata kuwa maji, kwa kuwa hewa ya kule juu ni kavu mno na huigeuza mvuke moja kwa moja.

Imani hii imeenea kwa sababu kwingineko ni kweli. Kwenye Alps na sehemu za Himalaya, theluji huanguka msimu wa baridi, hulala juu ya ardhi kwa miezi, kisha joto likirudi huyeyuka, hulowesha udongo na kujaza mito. Maelezo hayo yameandikwa sana, nasi tukayachukua mazimamazima tukayavalisha milima yote. Milima mirefu ya ikweta haina msimu wa theluji wa namna hiyo. Akiba yake ni udongo, na udongo wa mlima haufanani kutoka chini hadi juu. Hilo ndilo linalohitaji kufafanuliwa.

Maneno kwanza

Udongo si mwamba uliosagika tu. Ndani yake mna chembe za madini zilizotoka kwenye mwamba, mboji (yaani mabaki ya mimea na wadudu yanayooza), viumbe hai wasiohesabika, na nafasi tupu. Nafasi hizo ndizo watu huzisahau. Katika udongo mzuri hufikia karibu nusu ya ujazo wote, na humo ndimo maji na hewa hupishana: mvua ikinyesha maji huingia na hewa hutoka, jua likiwaka hewa hurudi. *Unyevu wa udongo* ni maji yaliyomo ndani ya nafasi hizo kwa wakati fulani. *Mwinuko* ni kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari.

Mvua na unyevu ni vitu viwili tofauti. Mvua ni mshahara, unyevu ni kilichobaki mfukoni. Katikati kuna matumizi: jua na upepo vinakausha, mizizi inafyonza, maji mengine yanatiririka juu ya ardhi na kuondoka, mengine yanazama mpaka kwenye mwamba. Watu wawili wenye mshahara sawa hawamalizi mwezi wakiwa sawa, na ndivyo ilivyo kwa miteremko miwili iliyonyeshewa mvua ileile.

Joto linashuka, mvua inapanda, kisha inakatika

Ukipanda mita 1000, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi. Wengi hushangaa, kwani mtu anayepanda analisogelea jua. Lakini umbali huo si kitu mbele ya safari ya jua hadi kwetu, na hewa haipashwi joto na jua moja kwa moja kama inavyopashwa na ardhi iliyo chini yake. Juu ya hilo, hewa inayopanda hukuta mgandamizo unapungua, hutanuka, na kutanuka huipoza. Ukiifungulia hewa ya tairi la baiskeli ikakupiga kidoleni, utauhisi ubaridi huo.

Hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi. Chupa iliyotoka kwenye jokofu hutokwa jasho kwa sababu hewa inayoigusa hupoa na kuuachia mvuke wake pale. Mlima nao huipoza hewa, ingawa kwa njia nyingine. Upepo kutoka baharini unapoukuta hauna budi kupanda, hewa inapoa, mawingu yanajikusanya, na mvua inashuka.

Hapo ndipo maelezo mengi hukatishwa, na msomaji huondoka akiamini kwamba kadiri unavyopanda ndivyo mvua inavyozidi. Kwa milima mirefu ya tropiki hilo ni kosa kubwa. Hewa iliyopanda sana imeshaacha mvuke wake njiani. Isitoshe, mara nyingi kuna tabaka la hewa yenye joto zaidi linalokaa juu kama mfuniko wa sufuria, mawingu yanapanda mpaka yanagota hapo, na kuvuka hayawezi.

Kisiwa cha Hawaii kinalionyesha jambo hili waziwazi. Mji wa Hilo, ulio pwani upande unaopigwa na upepo, hupata zaidi ya milimita 3000 za mvua kwa mwaka. Mfuniko ule hukaa kwenye mwinuko wa mita 2000 hadi 2500 hivi. Kilele cha Mauna Kea, chenye mita 4207, hupata chini ya milimita 300 na ni jangwa la mawe. Kilimanjaro nayo hufuata mkondo huohuo: upande wa kusini mvua huongezeka hadi kwenye mita 2000 na ushei, kisha hupungua hatua kwa hatua, na karibu na kilele cha mita 5895 inabaki sehemu ndogo sana ya ile ya msituni. Mtu aliyesimama juu ya mita 4000 akatazama bahari ya mawingu chini ya miguu yake anatazama mvua ikinyesha mahali pasipo pake.

Kwa hiyo mlima wa namna hii una kiuno chenye maji, huku miguu na kichwa vikiwa vikavu zaidi. Miguuni ukavu unatokana na matumizi makubwa, kwa maana joto hukausha. Kichwani unatokana na mapato madogo.

Madonge mawili ya udongo

Chukua donge la udongo kutoka mteremko wa chini wa mlima wa zamani wa volkano katika tropiki. Ni jekundu na zito. Wekundu huo ni wa chuma kilichopata kutu, kwa kuwa joto na maji vimeuozesha mwamba kwa maelfu na maelfu ya miaka, vikasomba madini yanayoyeyuka kirahisi na kuacha chuma na udongo wa mfinyanzi. Ukilibana linafinyangika na kushika alama za vidole.

Sasa chukua jingine kutoka msitu wa juu, tuseme mita 2500. Ni jeusi, na jambo la kwanza linalokushtua ni wepesi wake. Mkono ulikuwa umejiandaa kwa mzigo mkubwa zaidi. Kwa kulitazama utasema ni kavu. Lisugue kwa dole gumba. Ghafla linalainika, linateleza kama sabuni, na maji yanajitokeza katikati ya vidole. Maji yalikuwamo muda wote, yamejificha.

Tofauti ya madonge haya inaanzia kwenye joto. Bakteria na kuvu wanaoozesha majani hupunguza mwendo baridi inapozidi. Kwa makadirio ya jumla, joto likishuka nyuzi 10, kazi yao hupungua kwa karibu nusu. Miti nayo haiachi kuangusha majani. Mabaki yanaingia haraka kuliko yanavyooza, na mwaka baada ya mwaka yanarundikana. Chakula kikikaa ndani ya jokofu kinachelewa kuharibika, na udongo wa juu ni jokofu la majani. Mboji hiyo hufyonza maji mara kadhaa ya uzito wake yenyewe.

Pale ambapo mlima uliwahi kutapika majivu, kunaongezeka jambo la pili. Majivu ya volkano yakioza hutoa chembe ndogo mno zenye uwazi ndani, vitungi vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila kimoja kinashika maji. Udongo huu una jina lake katika sayansi, andosoli, lililotokana na maneno ya Kijapani *an*, cheusi, na *do*, udongo.

Hapa kuna dhana inayowagharimu watu wengi, kwamba udongo mweusi ni lazima uwe na rutuba. Weusi ni dalili ya akiba, na akiba yaweza kuwa imefungwa. Katika udongo wa baridi, naitrojeni nyingi imo ndani ya mabaki ambayo hayajaoza, kwa hiyo mizizi haiifikii. Mvua nyingi huuosha udongo na kuufanya wa tindikali. Andosoli nazo huing'ang'ania fosforasi mpaka mimea huikosa. Udongo wa kahawia wa mteremko wa kati, wenye mboji ya wastani na joto la kutosha la kuiozesha, mara nyingi hulisha mimea vizuri kuliko ule mweusi wa juu.

Jambo jingine linalowatatiza watu ni vipimo. Wanaposoma kwamba udongo fulani wa mlimani una unyevu wa asilimia 150 hudhani tarakimu imekosewa. Haijakosewa. Njia ya zamani ya kupima, ambayo bado inaaminika kuliko nyingine, ni kupima uzito wa udongo mbichi, kuukausha kwenye oveni yenye nyuzi 105 kwa takriban saa 24, kisha kuupima tena. Uzito uliopungua ni maji, na maji hayo hulinganishwa na uzito wa udongo *mkavu*. Tuseme lita moja ya udongo mweusi ina gramu 400 za udongo mkavu na gramu 600 za maji. Maji yameuzidi udongo kwa uzito, na hiyo ndiyo asilimia 150. Lakini kwa ujazo, maji yamechukua asilimia 60 tu ya ile lita. Lita ya mfinyanzi yenye gramu 1200 za udongo mkavu na gramu 400 za maji ina asilimia 33 kwa uzito na 40 kwa ujazo. Ukizilinganisha 150 na 33 utadhani udongo wa juu una maji karibu mara tano ya ule wa chini. Kwa lita moja ya ardhi, kwa kweli ni mara moja na nusu. Anayetoa tarakimu bila kusema ni ya uzito au ya ujazo hajatoa habari kamili.

Tena si maji yote yaliyomo yanayonyweka. Mfinyanzi hushika maji mengi lakini huyabana, na mmea unaweza kunyauka ukiwa umesimama kwenye udongo unaolowesha mkono. Udongo wa kichanga unayaachia maji kirahisi, ila hayakai, ni chekeche.

Maji yasiyonyesha

Turudi kiunoni mwa mlima. Mawingu yanapopita ndani ya msitu, si juu yake, matone madogo mno hugonga majani, matawi na mimea midogo laini inayofunika magome. Yanaungana, yanakuwa mazito, yanadondoka. Ukisimama chini ya mti wa namna hiyo asubuhi yenye ukungu unalowa, na ukitoka hatua kumi kwenye uwazi unakuta hakuna mvua. Chombo cha kupimia mvua kilichowekwa uwanjani hakiyaoni maji haya kabisa. Udongo unayaona.

Tena ukungu unafanya kazi mbili. Unaongeza mapato, na wakati huohuo unapunguza matumizi, kwani unalizuia jua na kuijaza hewa unyevu hata majani yasipoteze maji. Ndiyo maana udongo wa msitu wa mawingu hubaki umelowa hata mvua inapokosekana kwa wiki kadhaa. Maji yanayouzidi hushuka polepole ndani ya ardhi na kutokea kwenye chemchemi chini ya mlima, pengine baada ya muda mrefu sana.

Juu ya mwinuko wa misitu, kwenye milima ya Andes ya kaskazini, Amerika ya Kusini, kuna nyanda za nyasi na vichaka ziitwazo *páramo*. Sehemu kubwa ya maji ya jiji la Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, hutoka kwenye páramo ya Chingaza. Chingaza haina barafu ya kudumu hata kidogo. Ina udongo mweusi wa mboji, ukungu na mvua ya rasharasha, na hivyo vinatosha kunywesha jiji la mamilioni.

Kileleni: maji yapo, mmea una kiu

Ukizidi kupanda, mambo yanageuka. Mimea inapungua, kwa hiyo mabaki ya kuoza nayo yanapungua, na baridi haina tena cha kuhifadhi. Udongo unakuwa mwembamba, wa kijivu, wa mchanga na changarawe. Kwenye mita 5500 mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, hewa ni kavu, jua ni kali, na maji machache yaliyopo huondoka upesi.

Kwenye milima mirefu ya ikweta, kuanzia mita 4000 hivi, ardhi huganda karibu kila usiku na kuyeyuka karibu kila mchana. Ukiinama alfajiri utaona kitu cha ajabu: vishada vya sindano nyembamba za barafu, ndefu kama ncha ya kidole, zimesimama wima zikibeba kokoto na vumbi vichwani mwake. Usiku maji yalivutwa kutoka chini kuelekea uso uliokuwa ukiganda, yakaota kama nyasi. Jua likichomoza sindano zinalegea, kokoto zinaanguka, na kwa kuwa ni mteremko kila moja inaangukia chini kidogo ya ilipokuwa jana. Mche mdogo uliokuwa umeanza kushika unang'olewa na mizizi yake. Hali hiyo ikirudiwa usiku baada ya usiku, udongo haupati nafasi ya kutulia na kunenepa.

Maji yaliyoganda hayanyweki. Asubuhi jua linakausha majani ilhali mizizi bado imo kwenye barafu, na mmea unapata kiu juu ya ardhi yenye maji. Mimea mikubwa ya mwinuko huo inayostahimili hujikinga kwa kuhifadhi maji ndani ya kiini cha shina na kufunika shina kwa majani yake yaliyokufa, kama koti.

Mwinuko hautawali peke yake

Yote niliyosema yanaweza kuvurugwa na upande. Mabaharia wana maneno yanayofaa hapa: *joshini*, upande upepo utokako, na *demani*, upande uendako. Mlima nao una joshi na demani. Mwinuko uleule, joshini kuna msitu unaotiririka maji na demani kuna nyasi kavu, maana hewa imevuka ikiwa imekamuliwa. Mbali na ikweta, jua nalo lina upande: kaskazini mwa dunia mteremko unaotazama kusini hupigwa na jua zaidi, na udongo wake hukauka mapema.

Halafu kuna umbo la mteremko wenyewe. Geoffrey Milne, mwanasayansi wa udongo aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, aligundua kwamba udongo wa mgongo wa kilima na ule wa bondeni hufuatana kwa mpangilio unaojirudia kilima baada ya kilima. Mwaka 1935 aliupa mfuatano huo jina la Kilatini, *catena*, yaani mnyororo. Mgongoni maji hushuka na udongo hubaki mwekundu wenye hewa; ubavuni penye mwinamo mkali udongo ni mwembamba kwa kuwa mmomonyoko hauuachi; bondeni maji na chembe hukusanyika, udongo ni wa kina, wa kijivu au mweusi. Ndani ya mita 50 tu za mwinuko unaweza kupata tofauti ya unyevu inayozidi ile ya kupanda mita 1000. Wazo hilo lililozaliwa Afrika Mashariki hufundishwa leo duniani kote, na nadhani linastahili kujulikana zaidi nyumbani kwake.

Ndiyo sababu ramani za unyevu zinazotokana na setilaiti zisomwe kwa uangalifu milimani. Setilaiti ya Marekani ya SMAP, iliyorushwa Januari 2015, hupima sentimita 5 za juu za udongo, na kila kipimo chake cha msingi hukusanya eneo la upana wa takriban kilomita 40. Kwenye tambarare hiyo inasaidia sana. Mlimani, kipimo kimoja kinaweza kubeba nyika, msitu wa ukungu na changarawe ya juu, kikatoa wastani usiopatikana mahali popote pale.

Basi anayehofia maji ya Kilimanjaro na autazame mpaka wa juu wa msitu. Kwa miongo kadhaa moto umekuwa ukiushusha mpaka huo, na Oktoba 2020, kisha tena Oktoba 2022, moto mkubwa uliwaka kwenye miteremko ya juu. Mti ukiungua, ukungu unapita bila kugongana na kitu. Jua linafika ardhini. Na donge lile jeusi lina tabia moja isiyosameheka kirahisi: likishakauka sana, vile vitungi vya ndani hujikunja, na haliwezi tena kushika maji kama mwanzo. Limwagie maji baada ya hapo. Yatajikusanya juu yake kuwa matone ya duara, yatatetemeka kidogo, kisha yatabingirika na kuanguka pembeni, na donge litabaki kavu.